Nimetumwa na Kaka

Jumamosi, 2 Desemba 1995

Hili sijamwambia mtu yeyote. Hata padri sijamwambia, maana sijui kama ni dhambi. Redio ya Bi Mwaija hakuitengeneza kaka Ojuok. Niliitengeneza mimi.

Ilikuwa hivi. Bi Mwaija ni jirani yetu, anakaanga samaki pale kona. Redio yake ilinyamaza. Ojuok akajitapa – lete, nitaiangalia. Akaiangalia kweli! Akafungua, akatazama, akaizaba kofi, akafunga, akaenda uwanjani kutazama mpira. Mama alikuwa sokoni Mwaloni na dagaa wake. Nikabaki na redio, bisibisi na nyumba tupu. Waya wa spika ulikuwa umeachia. Nikapasha msumari mrefu kwenye jiko la mkaa, mpini wake gunzi la hindi, nikaulehemu ule waya kwa risasi niliyoikwangua kwenye redio mbovu. Harufu mbaya! Lakini nilifurahi hadi mikono ikatetemeka.

Jioni Ojuok akaizaba kofi la pili mbele ya Bi Mwaija. Ikaimba. Bi Mwaija akapiga kigelegele. Aliyeshtuka kuliko wote ni Ojuok mwenyewe. Anaamini ni lile kofi. Sasa anatembea mtaani Kirumba kama daktari mkuu, na leo kapewa sangara mzima.

Mimi nilikula kichwa cha yule sangara. Kitamu. Mbele za watu maneno yangu hukwama kooni kama mwiba.

Jumatano, 6 Desemba

Soko huria limetuletea redio za kila rangi. Zinatoka Dubai, zinauzwa hadi kwenye mikokoteni, zinaimba miezi michache, zinakufa. Watu wanalaani. Mimi naokota. Kopo langu la maziwa ya unga chini ya kitanda limejaa: rezista, kapasita, transista ndogondogo, koili moja nzuri sana. Mwalimu Justa wa fizikia aliniachia kitabu chake cha zamani nilipomaliza kidato cha nne, na karibu kila kitu kilichochorwa mle ninacho. Karibu.

Vipya vipo mjini, dukani kwa Khalidi, kwenye vidroo vya kioo. Bei yake si ya watu wa kwetu. Huwa naenda kuvitazama tu. Leo Khalidi kaniuliza, "Binti, unanunua au unasali?" Nikakimbia!

Baba anafanya kazi kwenye kivuko cha Busisi. Atakuja Krismasi. Ameshaamua: Januari niende Musoma kwa shangazi, nijifunze kupiga chapa. Kazi safi, anasema, ya kivulini. Sikatai. Ila Fundi Seif wa redio, kule mjini, ana kiti kitupu mezani pake tangu mwanafunzi wake ahamie Dar. Nakiwaza hicho kiti kuliko ninavyowaza matokeo ya mtihani.

Haya, nimeandika. Basi.

Ijumaa, 8 Desemba

Makubwa! Mzee Venant, mwenyekiti wa kwaya, kaleta amplifaya ya kanisa iliyokufa na betri yake ya gari, zimefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Bi Mwaija kamsimulia habari za Ojuok.

"Mwanangu," Mzee kamwambia Ojuok, "mkesha wa Krismasi tunaimba kwenye uwanja wa kanisa. Kwaya ya Nyegezi inakuja. Ikinyamaza mbele ya wale, mimi nahama dini."

Ojuok kasema, "Mzee, hiyo ndogo."

Ndogo! Mzee alipoondoka Ojuok aliizaba makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Haikujibu. Jioni hakula. Ojuok, kutokula! Mama kamgusa shingo kuona kama ana malaria.

Nilimsogelea nikamwambia taratibu: wewe ni fundi mkubwa, usionekane unaulizauliza. Nitakwenda mimi kwa Fundi Seif, niseme umenituma. Akanitazama kama nimeshuka mbinguni. "Nenda, mdogo wangu. Atakachosema chochote, lete."

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Wote wametoka. Nimeifungua amplifaya.

Kuna transista mbili kubwa za chuma, kama kofia ndogo zenye masikio. Kipimo changu ni balbu ya tochi na betri mbili: upande mmoja iwake, upande wa pili isiwake. Ya kushoto iko sawa. Ya kulia – inawaka kotekote. Imekufa. Kapasita mbili nazo, vile vikopo vidogo kama betri, zimevimba, lakini kwenye kopo zimo za kufanana nazo.

Tatizo ni ile kofia. Kwenye redio ndogo hazimo hata moja.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimekwenda kwa Fundi Seif. Nilipita mlango wake mara kadhaa kabla ya kuingia. Alikuwa anamiminiwa chai.

"Shikamoo. Nimetumwa na kaka."

"Marahaba. Kaka anasemaje?"

Nikamwambia ya ile transista ya amplifaya ya kanisa. Akakoroga chai yake. "Kamwulize kaka yako, ameipima au ameikisia?"

Nikatoka. Nikazunguka kona, nikasimama kwa muuza miwa, nikahesabu mawingu, nikarudi. "Anasema ameipima. Inapitisha kotekote."

"Eeh. Na mwenzake?"

Hapo ningeweza kujibu palepale! Nikatoka tena. Muuza miwa akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikarudi nikihema kidogo. "Mwenzake mzima."

Fundi Seif akasema za dukani ni ghali, na nyingine ni bandia – zimefutwa namba zikaandikwa upya. Fundi mwenye akili anatafuta mizoga: amplifaya zilizokufa, redio za magari. Ndani ya mzoga kuna kiungo kizima, kazi ni kukijua tu.

Kisha akaonja chai. "Kwenu ni wapi, binti?"

"Kirumba."

"Kirumba," akasema. "Umekwenda, umerudi, ukaenda tena. Na chai yangu bado inaniunguza ulimi."

Nikaaga haraka. Sijui alimaanisha nini.

Najua.

Alhamisi, 14 Desemba

NIMEPATA! Nataka kupiga kelele lakini Mama amelala mchana, mgongo unamwuma.

Nilikwenda Makoroboi, kule wanakogonga makopo kuwa vibatari. Chenge ananunua alumini chakavu, anaiyeyusha, anatengeneza masufuria. Na kwenye lile rundo lake, juu ya kipande cha alumini chenye mapezi kama ya samaki – kofia nne! Namba ileile! Kesho yake zingekuwa sufuria la ugali.

Nikaomba kununua kofia moja. Chenge akakataa. Yeye hauzi kofia, anauza kwa kilo. Nichukue pande zima au niache. Pande zima ni zito, na mimi nilikuwa na akiba ya kuuza maandazi tu.

Mbele za watu huwa nanyamaza. Sijui leo nilipata wapi mdomo. "Nikinunua lote, nikazitoa hizi, hiyo alumini utainunua?"

Akacheka. "Alumini ni alumini, dada."

Nikalipa, nikachuchumaa palepale na bisibisi, nikazifungua kofia zote nne, nikamrudishia pande lake juu ya mizani. Kanirudishia karibu hela yangu yote! Wagonga makopo wakaacha nyundo kutazama. Mmoja akasema, "Chenge, umeliwa na mtoto wa shule." Chenge kasema hajaliwa, hizo kofia zingemharibia sufuria.

Nimezipima. Mbili zimekufa. Mbili nzima! Moja ya kazi, moja ya akiba. Nitalala nazo chini ya mto.

Jumapili, 17 Desemba

Leo nusura nipoteze kila kitu.

Nilirudi kutoka misani, nikainama kuchukua kopo. Jepesi! Transista zimo, rezista zimo. Kapasita hakuna hata moja. Nikatafuta kila mahali, hadi kwenye mkaa. Nikaanza kulia kimyakimya, upesi, kabla watu hawajarudi.

Mama alikuwa uani. Mama, kama watu wote, betri za redio zikichoka huzianika juu ya bati zipate jua, zirudishe nguvu. Nikatazama juu. Ungo. Ndani ya ungo betri zake. Na kando ya betri – kapasita zangu zote! Amezipanga mstari, kubwa mbele, ndogo nyuma, kama watoto wa Komunyo ya kwanza.

"Vibetri vyako nimevikuta vimelala gizani chini ya kitanda," kasema Mama bila kugeuka, anachagua mchele. "Nikaona nivianike na vyangu."

Vibetri vyako. Hakusema vya Ojuok. Hakuuliza ni vya nini. Nilipozishusha aliuliza jambo moja tu: "Vimepata nguvu?"

"Vimepata, Mama."

"Basi vitumie."

Jumatano, 20 Desemba

Imepona. Nilikuwa peke yangu. Nilifunga betri, nikawasha, ikakoroma kidogo, ikatulia. Nikashika maikrofoni. Sikujua niseme nini, nikasema, "Akinyi." Jina langu likajaa chumba kizima. Kuku wa Bi Mwaija wakaruka. Sikujua nina sauti kubwa hivyo!

Nikaifunga, nikairudisha pale Ojuok alipoiacha ipumzike, maana nilimwambia ndivyo alivyosema Fundi Seif. Alipofika akaizaba kofi – lakini safari hii kwa heshima, polepole – na ikazungumza. Akaniambia amegundua siri: ni pembeni, si juu. Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa.

Mzee Venant kaja jioni kuichukua. Na kaleta salamu kutoka kwa Fundi Seif: "Kile kiti ni cha aliyeitengeneza amplifaya. Aje baada ya Krismasi."

Ojuok karuka! Mzee kampa mkono. Bi Mwaija kapiga tena kigelegele. Mama alinitazama mimi.

Nikaenda kuosha vyombo. Sikulia. Ilikuwa sabuni.

Ijumaa, 22 Desemba

Baba kafika, kaleta viazi vitamu na kuku wawili. Mzima wa afya. Amefurahi sana habari za Ojuok. Anasema mwaka mpya nyumba hii itakuwa na fundi na mpiga chapa. Ojuok alikuwa anafurahi pia, ila kaniuliza kando: kwa Fundi Seif hivi mtu anapewa kazi siku ya kwanza, au anatazama kwanza? Ana hofu. Nikamwonea huruma. Nikajionea na mimi.

Jumapili, 24 Desemba

Naandika nimesimama. Naandika upesi.

Kwaya yetu ilianza vizuri kabisa. Uwanja umejaa, watu wa Nyegezi wamekaa mbele na sare mpya, Baba yuko mstari wa kwanza. Hata Fundi Seif kaja, kasimama nje ya uzio na kikombe chake. Wimbo wa pili, katikati ya ubeti – krrr. Kimya.

"Ojuok! Ojuok yuko wapi?" Mzee Venant akaita.

Akaja. Kofi la pembeni. Hakuna. Kofi la juu. Hakuna. Mtu wa Nyegezi akaita, "Fundi, jaribu teke!" Watu wakacheka. Mzee Venant alikuwa anafuta jasho kwa kitabu cha nyimbo. Ojuok akanyanyua kichwa, akanitafuta kati ya watu. Sijapata kumwona na macho yale. Nikasogea, nikachungulia ndani kwenye matundu ya nyuma. Niliona mara moja: waya umeachia kwenye ile kofia ya kulia. Njia ile ya mawe, baiskeli imeutikisa mpaka basi.

Nikamnong'oneza. Akaninong'oneza, "Unajuaje?" Akatazama waya. Akatazama mikono yangu, akaona alama ya moto kwenye kidole, pale msumari uliponiunguza.

Nikasema nikimbie nyumbani nilete msumari. Ndipo Mama akasimama, mbele ya Baba, mbele ya watu wote, akasema kwa sauti yake ya sokoni: "Msumari utapoa njiani. Lete na jiko, Akinyi. Tutasubiri."

Tutasubiri! Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Fundi Seif aliinua kikombe kidogo, hivi, akanywa.

Sasa niko uani. Msumari uko kwenye makaa. Ojuok kanifuata mbio, anapepea moto kwa mfuniko wa sufuria.

"Kumbe si kofi," kasema.

"Si kofi."

"Na ya Bi Mwaija?"

"Si kofi, kaka."

Alikaa chini kabisa, akacheka mpaka machozi. Kisha kasema jiko atabeba yeye, lina moto. Msumari nibebe mimi. Nimemwambia nenda tu nalo, ulehemu wewe, nitakuelekeza. Kakataa. "Nitakuunguzia kofia zako." Nilimnong'oneza kofia, na yeye kashika neno!

Nasikia kwaya kule wameanza kuimba hivihivi, bila amplifaya, kuwaziba mdomo Nyegezi. Baba sauti yake naijua, imo.

Ncha imekuwa nyekundu. Ojuok ameshanyanyua jiko, ananiita. Mikono – nimeitazama sasa hivi – mikono imetulia.

Wewe daftari, usimwambie mtu. Kanisa ni pale tu, nyuma ya nyumba ya Bi Mwaija. Nitunzie siri mpaka nifike.