Zamu Yako Kisimani Bado Ipo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna kisima kitoacho maji ila kwa idhini Yake.

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute salama huko Sericho, ulikokwenda na ngamia kabla ya amri ya kutuingiza kambini kutolewa. Sisi tumekusanywa Garbatulla ndani ya ua wa miiba, na askari wako langoni. Tunaruhusiwa kwenda kisimani asubuhi. Lango hufungwa alasiri. Atakayekutwa nje baada ya hapo huhesabiwa kuwa shifta, mwasi wa porini, naye hupigwa risasi.

Wazee wamenipa kazi yako ya abba herega, kusimamia zamu za maji. Afisa wa kambi ananiita manija. Ninaogopa, kaka.

Nakukumbuka ukishuka kisimani alfajiri kuyatazama maji, kabla ya kupanga nani anyweshe leo na nani angoje. Wavuta maji uliwachagua kwa nguvu za mikono, hukutazama ukoo. Kisha ulisimama ukingoni ukiongoza wimbo, mpaka ndoo zote zikapanda kwa pamoja. Jioni ulizunguka birika la kunyweshea ukikagua kama kuna mnyama aliyerukwa. Mifugo yetu ilikunywa mwisho daima. "Nikinywesha wangu kwanza, nani atanisikiliza?" uliniambia.

Jana nilifuata mwendo wako, lakini nyumba mbili ziligombania zamu. "Mzee, kwani ng'ombe zangu ni wageni hapa?" alifoka mmoja. Nilichelewa kuamua, na jua likateremka. Filimbi ya askari ilipolia, ng'ombe wetu peke yao ndio walikuwa hawajanywa. Nikaamuru ndoo zitolewe kisimani na watu wote warudi langoni.

Mke wangu akanitazama. "Baba Guyo, leo ng'ombe zetu watakunywa adabu yako?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Langoni nilikuwa nikiwakagua wanaoingia, nikasikia bunduki ikikokiwa nyuma yangu. Aliyebaki nje ni mke wangu, akiwaswaga ng'ombe wenye kiu. Aliingia, alhamdulillahi. Tangu hapo sijapata usingizi.

Kuanzia kesho nitazitaja zamu zote hapa ndani, mbele ya wazee, kabla lango halijafunguliwa, ili ugomvi uishie hapa. Sisi tutabaki wa mwisho, na baada yetu nimeweka zamu yako. Wazee wameniuliza, "Huyo hayupo, kwa nini umwekee?" Nimewajibu kwamba usipokuja, muda wako utakuwa wa akiba, wa kumfikisha mtu wa mwisho langoni kabla halijafungwa.

Ukija, kaka, njoo mchana, kwa barabara, mikono yako ikionekana. Usipite njia yetu ya zamani ya vichakani. Nakuomba.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe, mkeo, watoto na mifugo yako, na kila nyumba itakayosomewa maneno haya, awafikishe wote majumbani jua likiwa bado juu.

Ni mimi,
mdogo wako