Tawi Kwenye Njia Panda

Jumamosi

Bado anajikuna chumba cha pili, na mimi nimekosa usingizi kwa raha. Kila mgeni ninayemwongoza kwenye msitu huu wa Kilolo huwa namwambia: ukikuta tawi bichi limelazwa njiani, usipite, aliyetangulia ameifunga hiyo njia. Dada wa mume wangu sikumwambia.

Ametoka Dar kututembelea, na tangu afike ananiita "huyo mgumba wenu", hata mbele ya mama mkwe.

Leo tulipopanda kilimani nilitangulia. Kwenye njia panda nikalaza tawi kwenye njia ya kushuka bondeni, nikaendelea kupanda. Yeye akalikanyaga, akaingia moja kwa moja kwenye upupu.

Nikamsikia akilia bondeni, "Wifi, niko huku. Wifi." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nikakaa juu ya jiwe, nikala hindi langu la kuchoma taratibu.

Nilipomfuata, mikono yake ilikuwa imevimba. "Nilidhani mmepamba kwa ajili ya wageni," akasema.

Kesho kaka yake akirudi atamwambia, na hilo naliogopa. Sijui mume wangu atasimama na nani.

Ila nilimsikia tangu alipoita mara ya kwanza. Nilinyamaza ili aendelee kuniita wifi.