Naenda Kupunguza Mwili

Isiolo, Ijumaa, mwezi wa tisa, 1983

Leo upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Mapaja yananiuma, kiuno kinauma, na bega la kushoto sijui nimelifanya nini. Nimeshaswali magharibi, nimewasha taa, nimeketi. Moyo wangu umetulia kwa namna ambayo sijaijua tangu mvua kubwa za mwezi wa nne.

Nataka kuandika mambo ya leo kabla hayajaniponyoka.

Mimi ni fundi wa nguo, na kazi ya fundi wa nguo ni kukaa. Miaka yote nimekaa nyuma ya cherehani, miguu ikikanyaga, na sehemu nyingine zote za mwili zikipumzika. Asubuhi chai ya maziwa ya ngamia yenye sukari nyingi na mandazi, mchana nyama ya mafuta, jioni chochote kilichobaki. Tumbo langu lilikuwa linafika mezani kabla ya mikono. Hakuna aliyenisema. Hapa kwetu mtu akinenepa husemwa Mungu amemjalia. Akikonda ndipo anaulizwa ana shida gani.

Mke wangu, Mama Talaso, naye alikuwa mwanamke wa mwili na wa nguvu. Mvua zilipokuwa zinanyesha, presha ilimwangusha. Upande wa kulia wote ukalala, mkono na mguu, na mdomo ukaenda kando. Alilazwa hospitali, kisha tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi alitufundisha, mimi na binti yetu Talaso, jinsi ya kumwinua: kunja magoti, mkumbatie karibu na kifua chako, inuka kwa nguvu ya miguu, usivute kwa mgongo. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeelewa. Mwili ndio haukuelewa.

Siku moja Talaso alimkalisha mama yake kwenye kigoda aoge, akaenda kuchota maji. Mama yake aliteleza bafuni, kwenye kile chumba chetu cha mabati, akiwa amejifunga leso moja tu iliyolowa. Niliingia, nikakunja magoti, nikamkumbatia. Hakuinuka hata kidogo. Nikajaribu tena. Pumzi ikanikatika, macho yakaona giza, nikakaa chini kando yake kwenye maji ya sabuni. Watu wazima wawili tumekaa sakafuni, hakuna wa kumwinua mwenzake.

Ilibidi niite watu.

Akaja jirani yetu Mutwiri, Mmeru anayeuza viazi na kabichi, pamoja na mwanaume mwingine aliyekuwa anapita njia. Walimbeba mpaka kitandani. Mutwiri alikuwa amegeuza uso wake ukutani muda wote, akatembea kinyumenyume hivyo hivyo, akajigonga kwenye mlango. Sitasahau heshima ile. Lakini mke wangu hakuiona. Yeye alijua tu kwamba wanaume wa nje wamemshika akiwa na leso iliyolowa.

Kesho yake akasema, “Siku nyingine nikianguka, Baba Talaso, uniache hapo hapo chini.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeiweza.

Basi asubuhi iliyofuata, baada ya swala ya alfajiri, nilianza kutembea. Nilishika barabara ya kwenda kaskazini, ile ya Ngare Mara na Gotu. Siku ya kwanza sikufika hata mnada wa mifugo. Nilishika mti, nikahema, mbuzi wakaniangalia. Siku zilizofuata nikafika mnadani, nikapita, hatimaye nikawa nafika kizuizi cha polisi.

Kizuizini nikapata shida nyingine. Hapa kwetu mtu hatembei bila sababu. Ana ng'ombe, au ana mgonjwa, au ana kesi.

“Wewe mzee,” askari mmoja akaniuliza, “kila asubuhi unaenda wapi?”

“Siendi mahali. Nafika hapa, narudi.”

“Unarudi na nini?”

“Na mimi mwenyewe. Naenda kupunguza mwili.”

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akasema, “Mwache. Anao wa kupunguza.” Tangu siku hiyo wakawa wananisalimia.

Chakula kilikuwa kigumu kuliko barabara. Nilimwambia Talaso asinitilie sukari kwenye chai. Chai bila sukari, Mungu anisamehe, ni kama kusalimiwa na mtu asiyekuangalia. Nyama nikaacha mafuta pembeni ya sahani, na jicho langu likawa linabaki huko pembeni. Kila Ijumaa baada ya swala wenzangu huenda hoteli kula pilau. Nikawa napita nje ya mlango ule haraka, kama ninayedaiwa.

Na niliwahi kuanguka. Ilikuja wiki ambayo mke wangu hakutaka kuongea na mtu, na mimi moyo ukawa mzito, nikaingia hoteli nikala sahani ya pilau, nikaagiza nyingine. Asubuhi kadhaa sikuamka kutembea. Nilijiambia, kwani nani anajua? Hakuna niliyemwambia kwa nini natembea. Hakuna atakayejua nimeacha.

Kilichonirudisha barabarani ni kikombe cha chai. Niliona mke wangu anakirudisha kikombe karibu kimejaa, na midomo yake imekauka. Nikamuuliza Talaso. Akainama, akaniambia, “Mama hanywi, baba. Anasema akinywa atataka kupelekwa choo.”

Kesho yake nilikuwa kizuizini kabla jua halijatoka.

Mutwiri ndiye aliyegundua, na hakuniuliza swali lolote. Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba nikijaribu kuinua mtungi wa maji huku nimekunja magoti kama nilivyofundishwa. Akasimama kidogo. Akasema, “Fundi, kama ni kubeba unataka, si uje ubebe pale kwangu? Viazi iko mingi.” Tangu hapo, kila gari la viazi likishuka kutoka Meru, nafunga duka kwa muda, nakwenda kushusha magunia pamoja naye. Mwanzo nilibeba nusu gunia na kulitupa njiani. Sasa nabeba gunia zima mpaka stoo. Watu wa sokoni walidhani biashara ya nguo imeniharibikia. Mutwiri hakuwaeleza kitu.

Suruali zikaanza kunivuka. Nikazipunguza moja baada ya nyingine kwenye cherehani yangu mwenyewe, na nilifurahi kila nilipokata kitambaa. Sikujua kuna mtu anayeziangalia suruali zile akiwa amelala kitandani.

Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa, Jattani, alikuja kutoka Sericho kumjulia hali shemeji yake. Baada ya chakula tulikaa nje, akaniambia nyumba imelala, nioe mke wa pili anisaidie. Alikuwa na msichana wa watu wazuri huko Gotu. Jattani ni mkubwa wangu. Alinilea baba alipofariki. Sikuweza kumkatalia usoni, nikajibu tu, “Nimesikia, kaka.” Nikadhani maneno yameishia hapo.

Ukuta wetu ni wa mabati.

Leo nilitoka msikitini nikapita hoteli bila kusimama, nikaja moja kwa moja nyumbani. Talaso alikuwa kwa jirani. Mke wangu alikuwa amelala ameangalia ukuta. Maneno yake siku hizi yanatoka polepole, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, lakini yanatoka yakiwa safi.

“Baba Talaso.”

“Naam.”

“Huyo wa Gotu ni mtoto wa nani?”

Nilisimama nikiwa nimeshika kofia mkononi. Sikuelewa, kisha nikaelewa yote kwa mara moja.

“Nilimsikia Jattani,” akasema. “Na nakuona. Unakonda. Umepunguza suruali zote. Kila alfajiri unatoka kwa kunyata, unashika njia ya Gotu. Mwanaume wa umri wako hakondi bure.”

“Mama Talaso...”

“Ngoja nimalize, nachoka. Kama ni mke, oa. Dini imekuruhusu, na mimi siwezi kitu. Lakini uniambie wewe mwenyewe. Nisiambiwe na watu.”

Miezi hii yote nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumkumbusha siku ile ya bafuni. Nilidhani namfunika. Kumbe yeye amelala hapo akihesabu kila nilichokata kwenye suruali, akijiandaa kumpokea mke mwenzake.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia ukweli, na ukweli ulitoka vibaya, bila mpangilio, ulianzia mwisho.

“Nilikuwa najifunza kukubeba,” nikasema.

“Kunibeba unipeleke wapi?”

“Popote. Choo. Nje. Popote unapotaka. Nisiite mtu tena.”

Nikamweleza kuhusu barabara, kuhusu askari, kuhusu magunia ya Mutwiri. Nikamwambia huko Gotu simjui mtu, na sijawahi kupita kile kizuizi. Alisikiliza akiwa bado ameangalia ukuta. 

Halafu akasema, “Mimi ni mzito.”

“Hata mimi nilikuwa mzito.”

“Ukiniangusha?”

“Tutaanguka wote.”

Akageuza uso. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeinuka. Ndio upande unaocheka siku hizi.

“Basi tuone,” akasema.

Nilimvalisha gauni lake zuri, nikamfunga mtandio vizuri, maana kama ni kuonekana basi aonekane anavyotaka yeye. Nikakunja magoti. Nikamwekea mkono wake mzima shingoni kwangu. Nikasema bismillahi, nikainuka.

Aliinuka.

Nilihofu magoti, lakini magoti yalinitii. Alikuwa amepungua pia, mke wangu, amepungua kuliko nilivyofikiri, na hilo lilinichoma hata katikati ya furaha. Tulipita mlangoni kwa ubavu. Pazia likamfunika uso na akaanza kucheka ndani yake, na mimi nikamwomba asinichekeshe kwa sababu nguvu zinanitoka. Nikamfikisha uani, nikamkalisha kwenye kiti kivulini, nikaegemea ukuta nikihema.

Hakunishukuru. Aliangalia uwanja wake wote taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

“Talaso hafagii huku nyuma,” akasema.

“Nitamwambia.”

“Na hii kamba ya nguo nani ameifunga hivi?”

“Mimi.”

“Naona.”

Akakaa hapo mchana mzima. Wanawake waliokuwa wanapita walimwona wakasimama, wakaingia, wakaketi chini kwenye mkeka kumzunguka. Talaso alirudi akamkuta mama yake uani, akaweka kapu chini, akaingia jikoni. Nilimsikia akilia kidogo. Baadaye alileta chai, na mama yake akanywa kikombe chote mbele za watu.

Alasiri Mutwiri alitokea sokoni. Alipomwona alitaka kupita upande wa pili, kwa aibu ya siku ile. Mke wangu ndiye aliyemwita.

“Mutwiri.”

“Habari ya leo, Mama Talaso.” Alisimama mbali, macho chini.

“Nzuri. Viazi vyako siku hizi ni vidogo.”

“Ni jua, mama. Huko juu pia hakuna mvua.”

“Tuletee hivyo hivyo. Na umwambie mama watoto aje kunisalimia.”

Aliondoka akitabasamu chini chini, yule mtu. Nami nikaelewa kwamba jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa miezi hii yote limemalizwa kwa viazi.

Kwa Jattani itabidi nitume neno kwa lori la Sericho, nimwambie kwa heshima kwamba nyumba yangu haijalala. Nilipaswa kumjibu hivyo pale pale. Sioni tena aibu ya kumkatalia.

Jua liliposhuka upepo ukapoa, nikaenda kumrudisha ndani. Nikakunja magoti mbele yake.

“Ngoja,” akasema. “Nisimamishe kwanza.”

“Usimame?”

“Si muuguzi alisema nisimame kila siku? Mimi ndiye niliyekataa.”

Nikamwinua akaegemea kifua changu. Mguu wa kushoto ulikanyaga. Wa kulia ulitetemeka kama wa ndama aliyezaliwa leo, ukatafuta ardhi, ukaigusa, ukateleza, ukaigusa tena. Nilikuwa nimemshika kiunoni na sikuthubutu kupumua. Tulisimama hivyo, kichwa chake chini ya kidevu changu, kwa muda wa mtu kusoma sura fupi. Hatukuwa tumesimama karibu hivyo kwa miaka, hata alipokuwa mzima. Tulikuwa na matumbo mawili katikati yetu na kazi nyingi.

“Sasa nibebe,” akasema.

Nikambeba.

Sijui kama atatembea. Hospitali hawakutuahidi kitu na mimi simwahidi. Tumbo bado ninalo, na usiku huu harufu ya nyama ya jirani inakuja moja kwa moja puani. Lakini nilipokuwa namfunika shuka alinishika mkono kwa ule wake mzima, akaniambia, “Kesho usikawie huko barabarani. Nitakuwa nimeamka.”