Jibu la Mama Ubaoni

Wewe, mbona hupokei simu? Niko ofisini.

Leo dada wa kazi hakuja, ikabidi niende na mama chuoni. Nikamkalisha nyuma darasani na peremende zake.

Somo la falsafa leo lilikuwa fahamu, yaani mtu kujitambua. Nikauliza wanafunzi: mtu anaweza kujua kwamba yupo bila kujua yeye ni nani?

Mara sauti ikatoka nyuma: "Mimi hapa. Kila asubuhi nikifumbua macho najua nipo. Ila ni nani huyo aliyepo, simjui."

Unajua nilifanya nini? Nikasema "Safi sana!" nikageuka kuliandika jibu ubaoni. UBAONI! Nimefika katikati ndipo nikashtuka: aliyesema ni mama yangu.

Na wanafunzi wananakili! Mmoja akauliza kama itatoka kwenye mtihani.

Miaka kumi na miwili nafundisha fahamu, nikabaki nimeshika chaki kama mjinga.

Walipotoka nikamfuata mama. Akanishika mkono, kwa adabu kabisa: "Samahani mwalimu, binti yangu atakuja kunichukua saa ngapi?"

Nikamwambia yuko njiani.

Sasa amekaa hapa mbele yangu, anaangalia mlango.