Nilipolitaja Jina Lako Zahanati

Mama Kabula,

Hatujambo. Mwanao anakimbia sasa, na akianguka hasubiri kuinuliwa.

Baada ya arobaini yako, mama yangu alitaka Kabula abaki naye Samuye. Nilikataa. Duara letu, lile shimo la dhahabu la Mwakitolyo, lilikuwa limejaa maji, nikahamia naye Rwamgasa kwa dada yangu. Katika kuhama, kadi yake ya kliniki ikapotea. Nisamehe. Ile uliyoifunga kwenye nailoni ukanionya, "Usiiguse na mikono yako ya matope."

Miezi miwili iliyopita surua ikaingia mtaani kwetu. Nikambeba Kabula asubuhi hadi zahanati, mwanaume peke yangu kwenye benchi. Nesi akauliza kadi. Sina. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Nilijua mwezi tu. Kina mama wakatazamana. Aibu niliyoipata, Nyamizi, mke wangu, acha tu.

Nesi hakunigombeza. Akachukua kishikwambi chake. "Usihofu, baba. Siku hizi zahanati zote tunaandika kwenye mfumo mmoja. Mama yake anaitwa nani?"

Tangu tukuzike sikuwa nimelitamka jina lako lote. Nililitamka pale, mbele za watu. Nesi akaliandika. Kisha akanigeuzia kioo nikaona mwenyewe: jina lako, kliniki ya Samuye, Kabula, tarehe yake, na kila chanjo uliyompeleka. Hukuruka hata moja. Hata ile ya siku uliyoshindwa kusimama vizuri, nikakusihi upumzike, ukanijibu, "Ugonjwa wangu haumhusu Kabula."

Ilibaki surua ya pili tu. Akachomwa palepale. Akalia, akanyamaza, akaomba uji.

Nesi akataka kuweka namba yangu ya simu badala ya yako. Nikamwambia namba abadilishe, ila jina la mama aliache.

"Mama habadilishwi, baba," akasema.

Tarehe ya kuzaliwa ya mwanetu naijua sasa, hata ukiniamsha usingizini. Kadi mpya ninayo. Na kina mama wa kliniki wakiniona wananisogezea nafasi: "Karibu, Baba Kabula."

Nesi amesema Kabula akifika miaka tisa kuna chanjo nyingine ya wasichana. Dhahabu ikinihamisha tena, nitahama. Lakini siku hiyo, popote tutakapokuwa, nitampeleka mimi mwenyewe, nimemshika mkono.

Wabeja, Nyamizi. Asante kwa yote. Wewe pumzika, zamu hii ni yangu.

Baba Kabula