Kinachompandisha Mama Presha

Lela, uko? Niko nje ya kliniki hapa Komarock, nimefukuzwa. Mimi. Niliyemleta mgonjwa!

Nimeleta mamangu apimwe presha. Mashine imepanda mpaka nesi akaitingisha. Akamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe unaonaje afya yako?"

"Nzuri sana."

NZURI SANA, Lela. Mtu aliyeanguka bafuni juzi.

Eti wagonjwa ni wale wa kumeza dawa kila siku. Yeye humeza asubuhi ya kliniki tu, "ili daktari asivunjike moyo." Ona huruma hiyo. Leo nimemharakisha akasahau, kwa hivyo hata hiyo mashine ni makosa yangu.

Nesi akauliza, sasa mama, presha inapandishwa na nini? Nikajua atataja chumvi. Ama zile ngazi za kwake.

Akaninyooshea kidole.

"Huyu. Kila jioni ni simu. Umemeza? Umekula nini? Roho inanienda mbio nikisikia tu hiyo simu ikilia."

Nesi akaniomba nitoke kidogo. Kidogo! Wakangoja, wakampima tena, nesi akatoka kuniambia.

Imeshuka.

Lela, IMESHUKA. Bado iko juu, lakini mimi kutoka tu mlangoni imeshuka.

Sasa nesi amesema dawa ni kila siku, na mtu mwingine ndiye awe akimkumbusha, si mimi. Mama amekubali haraka sana. Amemchagua Mama Rayyan, jirani yake.

Unajua ni nani alimfundisha kumeza siku ya kliniki tu?

Mama Rayyan.