Zulia la Nejaha

Toronto, 9 Februari

Kwa mpendwa Shangazi Nejaha,

Salamu nyingi kutoka kwenye hii baridi isiyo na adabu. Sisi wazima. Wewe je, magoti yamepoa?

Habari njema: nimepata wafadhili. Nyumba ya babu itakuwa kituo cha sanaa cha jamii, na mtaa utafufuka. Tuseme ukweli, Shangazi, humo ndani ya ukuta wa mji wa Harar kumebaki nini? Paa zinavuja, milango imefungwa, wazee wanatafuna mirungi. Nawatumia mpambaji wetu, Bibi Clara, aliyepamba mahoteli makubwa. Ataipanga nyumba kwa mtindo wetu wa kale. Kwa kuwa nyumba imeandikishwa kwa jina lako, tunahitaji sahihi yako tu, utuachie miaka ishirini. Mengine hayatakusumbua.

Mwanao,
Nabil (Mwenyekiti wa Mradi)

Harar, 2 Machi

Nabil,

Salamu zimefika. Magoti hayajapoa, siku hizi yanalia yenyewe nikiinuka. Mungu akupe afya; akili utaitafuta mwenyewe.

Eti kumebaki nini. Nimebaki mimi, kipofu wee! Kila Alhamisi wanawake tisa wanakuja kusuka vikapu sebuleni, katika nyumba hiyo hiyo unayotaka kuifufua, na mabinti wanne wanajifunza. Hatukujua kama ni sanaa, maana hatukuwa na mfadhili wa kutuambia. Haya, mlete huyo bingwa wa mahoteli. Nikiona wanawake wangu wana nafasi yao, nitatia sahihi. Wasipokuwa nayo, karatasi zako nitafungia njugu.

Shangazi yako,
Nejaha

Toronto, 20 Aprili

Kwa Shangazi Nejaha,

Salamu, na pole kwa vumbi la mafundi. Sisi hatujambo.

Picha zimefika, nyumba imependeza! Vikapu vimepangwa kwa rangi. Na lile zulia jekundu Bibi Clara alilolitoa kwenye sanduku la zamani, akalikunja na kuliweka kwenye kibao juu ya mlango kama kwenye picha za kale, wafadhili wamelipenda kupita kiasi. Wanawake watasukia uani, kwa sababu sebule ni ya maonyesho. Ufunguzi ni mwezi wa Juni. Tia sahihi basi, usituwekee ngumu.

Nabil,
Mwenyekiti

Harar, 3 Mei

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Sisi wazima, ila tumechekwa.

Jana asubuhi walikuja wazee watatu, kanzu zimepigwa pasi, mirungi mkononi. Nikawapa kahawa. Mzee Tewfik akakohoa, akasema, "Tumeona zulia, Nejaha. Tumefurahi. Tumekuja kwa ajili ya binti."

"Binti gani?"

"Si wa nyumba hii? Kwani kuna nani humu?"

"Nipo mimi."

Mdogo wao alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulishajua kwamba Nejaha, miaka sitini na mitatu, anatafuta mume. Sokoni muuza vitunguu akaniuliza, "Bibi harusi, nikufungie kilo ngapi?"

Nilipomweleza mpambaji wako alipiga makofi, eti hadithi nzuri, akaiandika kwenye daftari. Yeye simlaumu, kwao zulia ni zulia. Wewe umekulia chini ya mlango huo! Umesahau kwamba zulia likikunjwa na kuwekwa pale juu, nyumba inatangaza kuwa ina msichana wa kuozwa? Mtu asiyejua hata hilo anatufufua sisi? Nililiteremsha, kesho yake nikakuta limerudishwa, eti kwa ajili ya picha za ufunguzi. Nataka liondoke, na wanawake wangu warudi ndani.

Shangazi yako,
Nejaha

Toronto, 28 Mei

Shangazi,

Nimecheka hadi machozi! Hao wazee wana njaa ya harusi. Nani mwenye akili timamu anasoma mazulia karne hii? Zulia tu, Shangazi. Livumilie mpaka ufunguzi, kisha nitakununulia lingine zuri zaidi. Sahihi vipi?

Nabil

Harar, 30 Juni

Nabil,

Najua ufunguzi ulikuwa uwe juma lililopita. Haukuwa.

Unasema zulia tu. Zulia hilo ni langu. Baba aliliweka pale juu nilipotimiza miaka kumi na tisa. Watu walikuja kuniposa, na mmoja nilimtaka, nilimtaka sana. Kisha mama yako akafariki. Baba yako akakuleta una miezi minane, akaenda zake Saudia. Yule kijana akasema mke anamtaka, mtoto wa watu hamtaki. Nikapanda juu ya kigoda nikaliteremsha mwenyewe, wewe ukiwa mgongoni unanivuta nywele. Nikalifungia sandukuni na sikulitoa tena.

Sikukuambia, kwa sababu mtoto habebeshwi mambo kama hayo. Ila nilidhani nimelea mtu atakayeuliza kabla ya kufungua sanduku langu.

Sahihi sitatia. Bibi Clara nimemuaga vizuri, nimempa na kikapu. Ana adabu kukuzidi. Wanawake wamerudi sebuleni. Alhamisi iliyopita mabinti walikuwa kumi na mmoja, na majirani wawili wamefungua nyumba zao ili tupate pa kukaa. Waarifu wafadhili wako kwamba hatukuomba ruhusa.

Ukitaka kuja, njoo peke yako, bila daftari. Vua viatu. Usipande baraza ya juu ya sebuleni, alipokuwa akikaa babu yako. Utakaa ile ya chini, nyuma ya mlango, wanapokaa watu ambao nyumba haijawajua. Hapo nitakuletea chakula kwa mkono wangu, na hutasema neno mpaka uulizwe.

Aliyekulea,
Nejaha